Kutoka jina la jozi hadi Tumaini: uchambuzi wa kisa kimoja cha kubadili jina

Kabla ya kisa

Kisa hiki kimetoka kwenye dawati dogo la ushauri wa kisheria jijini Nairobi, ambako nawasaidia watu kupanga nyaraka zao kabla hawajaingia kwa wakili na kuanza kulipia kila dakika. Mhusika amekisoma na kukiruhusu. Jina jipya ameliachia litumike, kwa kuwa wenye jina hilo ni wengi mno kumfichua mtu. Majina ya zamani, la baba, kijiji, mwajiri, benki na wakili yameondolewa. Jinsia aliyoandikishwa nayo alipozaliwa nayo nimeiacha nje kwa makusudi, na msomaji ataona kuwa kisa kinaeleweka bila hiyo.

Nakiandika kwa sababu watu wengi wanaotujia wakitaka jina lisiloegemea jinsia huja na swali moja tu: sheria inaruhusu? Inaruhusu. Ugumu uko kwenye mambo mengine, na mengi ya hayo hayamo katika sheria yoyote.

Usuli

Tumaini ana umri wa chini ya miaka 35 na ni afisa wa ugavi katika kampuni inayosafirisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa hadi Goma na Bukavu. Kutwa yuko kwenye simu na madereva, mawakala wa forodha na makarani wa maghala katika nchi 4.

Kwa asili ni Mbukusu, na hapo ndipo jina linapoanza kuwa jambo. Wabukusu wana majina ya majira yanayokwenda kwa jozi. Aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula akiwa mvulana, Nafula akiwa msichana. Wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa kiangazi Simiyu au Nasimiyu, wa kipindi cha njaa Wanjala au Nanjala. Mwanzo wa jina unamaliza kila kitu. Wala si wao peke yao: Waluo wana Otieno na Atieno, Wakalenjin wana Kiprono na Cherono. Mkenya anaweza kulitupa jina lake la ubatizo, akabaki na la asili, na bado jinsia ikafika mlangoni kabla yake.

Kitambulisho chake kilikuwa na majina matatu: la ubatizo, ambalo halina utata wowote, la jozi, alilorithi kutoka kwa marehemu wa ukoo, na la baba.

Tangu ujana hajioni mwanamke wala mwanamume. Hakuja kwetu kutafuta daktari wala neno la kujiita. Kilichomleta ni malango. Anayefanya kazi Nairobi anajua: kila jengo lina askari, na askari anataka kitambulisho. Anakipokea, anasoma jina, anainua macho, anasoma tena. "Hii ID ni yako?" Nyuma kuna foleni, na wote wamesikia. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka ofisi za mawakala wa forodha, hilo ni jambo la kila siku, na lilikuwa limeanza kumfanya awatume wenzake mahali alipopaswa kwenda mwenyewe.

Jaribio la kwanza: Alex

Kabla ya kutufikia alikuwa ameanza kujiita Alex kazini. Hesabu ilikuwa rahisi. Jina ni fupi, linajulikana, linakwenda kwa wote. Wenzake walilizoea upesi kuliko alivyotarajia.

Kisha ikaja mikataba mipya. Karani wa ofisi ya wafanyakazi, kwa nia njema kabisa, akaona kuwa Alex ni kifupisho na mkataba haupaswi kuwa na vifupisho, akalirefusha. Ukatoka mkataba wenye jina refu la jinsia ileile aliyokuwa akiikwepa, ukatiwa muhuri, ukaenda hadi kwenye orodha ya mishahara. Kulirudisha nyuma kulichukua barua na maelezo ambayo hakutaka kuyatoa kwa mtu yeyote.

Vifupisho vya Kizungu vina mtego huo: kila anayeandika kirasmi hudhani ana wajibu wa kuvikamilisha. Tena vina mwenyewe kulingana na mahali. Terry, ambaye nchi nyingine ni mwanamume, Kenya ni Teresia. Kim ni Kimani. Sam na Chris husomwa kiume mpaka mwenyewe atokee. Jina ambalo orodha za mtandaoni zinalitaja kuwa la wote huenda hapa kwetu limekwisha kupewa upande, na aliyeandaa orodha hana habari.

Orodha ya Kiswahili na ujumbe wa boda

Tulipokutana mara ya kwanza alikuwa na orodha ya majina 8: Amani, Imani, Baraka, Bahati, Furaha, Riziki, Zawadi na Tumaini. Yote yana maana nzuri, na kwenye karatasi yote ni ya wote. Nilimwambia maana ya jina haitamsaidia langoni. Atafute njia ya kujua mtu asiyemfahamu, asiyeona sura wala kusikia sauti, akilisoma anamwona nani.

Njia aliyoibuni ni yake mwenyewe, na tangu hapo nimewapendekezea wengine. Alibadilisha jina kwenye programu ya kuagizia chakula, akawa anatumia jina moja kwa muda, kisha jingine. Mwendesha boda akifika na mzigo huandika ujumbe mfupi, na katika ujumbe huo lazima amwite mteja kwa namna fulani. Alituletea picha za skrini. Kwa Imani: "Madam niko kwa gate." Kwa Zawadi vilevile, na mmoja akaandika "siz". Baraka ilileta "Bro nimefika", Bahati ikaleta "boss" na "mkubwa". Amani iligawanyika. Kwa Tumaini walioandika walijizuia, kana kwamba wamefika njia panda: "Hallo niko chini." "Tumaini order yako imefika." Mmoja aliandika tu "Mteja".

Boda wa Nairobi ni sikio la Nairobi, lakini kazi ya mhusika haiishii hapo. Akawauliza anaofanya nao kazi nje, kwa kisingizio cha kutafutia mtoto wa jirani jina. Karani wa ghala la Bukavu alicheka aliposikia Amani: kwao huyo ni kaka, tena ana wawili nyumbani. Furaha akampa dada. Riziki, ambalo dereva wa Mombasa alisema ni la bibi yake, karani yuleyule alilifahamu kama jina la mjomba. Wakala mmoja wa Arusha alisema Tumaini ni yeyote. Alisoma na mvulana na msichana wenye jina hilo darasa moja.

Dosari za Tumaini zilijulikana mapema, na hilo lilisaidia. Kwanza, shule na makao ya watoto yenye jina hilo hayahesabiki. Pili, marafiki walilikata mara moja likawa Tuma, na kwa Mkenya yeyote mwenye simu neno hilo halikai peke yake: "Tuma na ya kutoa!", yaani tuma pesa pamoja na ada ya kuzitoa. Alilisikia mara ya kwanza akanuna, mara ya tatu akajibu mwenyewe kabla hawajamaliza. Aliniambia kuwa kama huo ndio utani mbaya kuliko wote, ameuweza.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kisa kiliposhinda. Wapo wanaoshauri mtu abuni jina ambalo halijawahi kusikika, kwa hoja kwamba jipya halina jinsia. Siafiki. Jina geni huzua maswali, na swali la kwanza kuhusu jina geni ni la nani hilo, wa kike au wa kiume. Salama zaidi ni jina ambalo wanawake na wanaume wamekwisha kulibeba, likazoeleka hata likawa halishtui mtu.

Nyumbani

Dawati letu lina desturi moja ambayo si ya kisheria: kama usalama unaruhusu, zungumza na familia kabla ya hati, si baada yake. Lengo si ruhusa, kwani mtu mzima haihitaji. Lengo ni habari. Familia inajua mambo kuhusu jina ambayo mwenye jina hayajui. Pale ambapo kuongea kunaweza kumfanya mtu apigwe au afukuzwe, desturi hii haitumiki na hatumshinikizi mtu. Tumaini alipima akaona hatari ni ndogo. Ghadhabu aliitarajia, vurugu hakuitarajia. Akaenda Desemba, kama watu wote.

Alikwenda na mapendekezo mawili ya kulinusuru jina la ukoo. La kwanza ni kuondoa mwanzo unaotaja jinsia libaki shina tupu. Senge, yaani dada ya baba, hakulipa hata dakika: hilo si jina, ni kipande cha jina. La pili lilikuwa la busara zaidi. Wabukusu wana majina ya mapacha, Mukhwana kwa anayetangulia na Mulongo kwa anayefuata, awe wa kiume awe wa kike. Kwa hiyo ndani ya mila yenyewe lipo jina lisilouliza jinsia. Kwa nini asilichukue Mulongo?

"Pacha wako yuko wapi?" Senge aliuliza.

Swali hilo lilimaliza mjadala, na nadhani ni fundisho ambalo wakili yeyote angelikosa. Jina kama Mulongo linasimulia ulizaliwaje. Ukilichukua bila kuzaliwa hivyo, umekwepa swali la jinsia na kujiletea jingine gumu zaidi, maana kila Mbukusu atakayekutana nawe atakuuliza habari za pacha huyo: yu hai, alikufa, alizikwa wapi?

Kukhu, bibi mzaa baba, ndiye waliyemwogopa wote. Jinsia hakuigusa kabisa. Hoja yake ilikuwa marehemu. Jina la jozi lilikuwa la mtu, na mtoto alipewa ili mtu huyo asipotee. Atakayeitwa sasa nani? Walizungumza jioni nzima. Tumaini alieleza kuhusu malango, askari, foleni. Mwisho kukhu akakata shauri kwa namna yake: "Karatasi ni zako, mdomo ni wangu." Yaani Nairobi na waandike wanavyotaka, yeye ataendelea kuita jina alilolitoa. Tumaini alikubali, na alikubali kwa moyo. Kutoka kinywani mwa kukhu, alisema, jina lile halikuwahi kumuumiza.

Baba aliuliza kama jina lake linabaki. Alipoambiwa linabaki, hakuuliza jingine.

Hati, na maamuzi yaliyofanywa juu yake

Kenya, mtu mzima hubadili jina kwa hati inayosajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka chini ya Sheria ya Usajili wa Nyaraka, Sura ya 285, kwa kufuata kanuni za kubadili majina za 1967. Wakili huiandaa, mtu anayemfahamu mwombaji hutoa tamko rasmi la kumtambua, hati husajiliwa, kisha tangazo huchapwa katika Gazeti Rasmi la Kenya. Hakuna mahali ambapo mwombaji anatakiwa kueleza jina jipya ni la kike au la kiume. Sababu ya kubadili nayo si lazima iwe hadithi ya maisha, na tulimshauri asiiandike.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa majina mangapi. Alichagua mawili: Tumaini na jina la baba. Aliwahi kufikiria kuliweka la ukoo katikati ili kumridhisha kukhu, lakini kilicho kwenye hati kitakuwa kwenye kitambulisho, na kilicho kwenye kitambulisho kitasomwa langoni. Jina la baba lilibaki kwa sababu mbili. Ni la mwanamume, kweli, lakini likiwa mwisho kila mtu katika nyumba hulibeba, dada na kaka, kwa hiyo halisemi lolote kuhusu mwenye kulibeba. Sababu ya pili ni ya kikarani: anayelinganisha cheti cha zamani na kitambulisho kipya hupata angalau neno moja linalofanana, na macho yake hutulia.

Uamuzi wa pili ulihusu tangazo la gazeti. Kwanza, ajue kwamba jina la zamani na jipya yatachapwa sentensi moja, na magazeti hayo yanasomeka mtandaoni. Anayebadili jina ili asitambulike na watu wa zamani apime sana hapo. Tumaini hakuwa akijificha, akaendelea. Pili, tangazo huandikwa kwa Kiingereza kwa maneno yaliyozoeleka miaka mingi: mteja wetu ameliacha kabisa jina lake la zamani na kuchukua jipya, na anawaomba watu wote wamwite kwa jina hilo pekee. Kwa Kiingereza huwezi kusema hivyo bila kumfanya mteja wa kike au wa kiume. Tukamwomba wakili arudie jina badala ya kiwakilishi. Alikubali bila ubishi na hati yenyewe ikatoka safi. Lakini karani wake, alipotuma tangazo kuchapwa, alichukua kiolezo cha zamani cha ofisi. Jina lisilotaja jinsia likatangazwa rasmi likiwa limezungukwa na viwakilishi vya jinsia, pande zote nne.

Je, lichapwe upya? Tulijadili. Kurudia kungegharimu, na kungeweka matangazo mawili ya mtu mmoja ambayo karani yeyote mwenye shaka angeyahoji. Akaliacha. Naona alifanya sawa, ingawa hadi leo nakala hiyo akiitoa huikunja hasa pale.

Uamuzi wa tatu ulikuwa vyeti. Cheti cha kuzaliwa hakikuguswa: sheria ya usajili wa vizazi na vifo inampa mzazi miaka 2 tangu usajili kubadili jina la mtoto, na muda huo ulipita zamani. Hati ya kubadili jina ndiyo inayounganisha mtu wa cheti na mtu wa leo. Cheti cha mtihani wa kidato cha nne kilikuwa na mvuto zaidi, kwa sababu alikuwa amesoma hukumu ya Mahakama Kuu ya Oktoba 2014, ambapo Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alilishtaki Baraza la Mitihani na mahakama ikaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hukumu hiyo ni silaha, lakini ilipatikana kwa kesi. Tumaini ana mwajiri anayemjua na hana mpango wa kuomba kazi karibuni. Tukamshauri aibebe hati na nakala ya gazeti pamoja na cheti cha zamani, na kesi iwe akiba ya siku atakayokataliwa. Kwa mtu anayetafuta kazi mpya ningeshauri tofauti.

Mambo yalivyokwenda baadaye

Kitambulisho kipya kilitoka kwa jina jipya. Alama ya jinsia ilibaki ileile, maana kubadili jina hakuigusi. Tulikuwa tumemweleza mapema, na bado siku alipokipokea alikasirika.

Kwenye mfuatano wa kubadili kumbukumbu nyingine palitokea ajali ndogo iliyouma sana. Tulimwandikia orodha: kitambulisho, namba ya kodi, benki, mifuko ya jamii na afya, laini ya simu mwisho. Akaanza na laini ya simu mara tu kitambulisho kilipotoka, kwa sababu inayoeleweka. Mtu akikutumia pesa kwa M-Pesa huona jina lako, na hilo ndilo jina linalosomwa na watu wengi kuliko yote uliyo nayo: muuza mboga, fundi, dereva. Alitaka hilo libadilike kwanza. Lakini akaunti ya benki ilikuwa bado na jina la zamani, na benki ilipoona namba ya simu sasa ni ya mtu mwingine kwa jina, ikafunga huduma ya simu. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Mshahara umeingia, kodi ya nyumba inadaiwa, na pesa haitoki mpaka afike tawini na hati, gazeti na vitambulisho vyote viwili.

Chama chake, yaani kikundi cha kuchangiana fedha, nacho alikisahau. Mweka hazina aliona mchango kutoka kwa Tumaini fulani, hamjui, akaurudisha. Mwezi huo Tumaini akaandikwa miongoni mwa wadaiwa na kupigwa faini. Faini ilifutwa, lakini ilibidi aeleze mbele ya kikao kizima alichokuwa amepanga kumweleza mwenyekiti peke yake.

Kazini mambo yalikuwa mepesi kuliko alivyohofia. Barua moja kwa ofisi ya wafanyakazi, ikiambatana na hati, na safari hii karani hakuwa na cha kurefusha. Madereva walichukua muda. Baadhi wanauliza bado, hasa wageni: huyu Tumaini ni wa kike ama wa kiume? Jibu linalozunguka barabara yote hadi Goma ni "Tumaini wa ugavi", na inatosha, kwa sababu wanachotaka kujua ni nani atatoa pesa ya mafuta.

Malangoni, lile swali limepungua sana. Askari husoma jina, huandika namba, hurudisha kadi. Alama ya jinsia wachache huiangalia.

Nyumbani, mwaka uliofuata ndugu mmoja wa baba alifariki na ikaandaliwa programu ya mazishi. Senge ndiye aliyetaja majina ya watoto wa nyumba kwa mchapaji. Akataja la jozi, kisha akakumbuka, akaongeza "na Tumaini wa Nairobi". Yalichapwa yote mawili, yametenganishwa kwa koma, na waombolezaji kadhaa walitafuta mtoto wa pili wasimwone. Tumaini anasimulia hili akicheka, na mimi nalihesabu miongoni mwa mafanikio: Senge alikumbuka bila kukumbushwa.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kulipima jina kwa watu wasiohusika. Marafiki watakuambia jina ni zuri kwa sababu wanakupenda. Boda hana upendo wala chuki, ana mzigo unaopoa. Kipimo hicho kina kasoro, kwani kinapima vijana wa mjini wanaoandika kwa haraka, na bila maswali ya Bukavu na Arusha kingempa Amani alama nzuri kuliko anayostahili. Kwa mtu ambaye maisha yake yako kata moja, kipimo cha kata hiyo kinatosha. Kwa mtu wa mipakani hakitoshi kamwe.

Kuongea na familia mapema kulifaa, lakini nisingependa lionekane kuwa ufumbuzi wa jumla. Lilifaa kwa sababu familia hii ilikuwa na hoja za kujibika: marehemu, pacha, jina la baba. Hakuna aliyeleta dhambi wala aibu mezani. Nimeona familia nyingine ambako hoja ya kwanza ilikuwa mchungaji, na mazungumzo yakafa hapo. Kilichomsaidia Tumaini ni kusikia hoja halisi ya kila mmoja badala ya ile aliyoidhania. Alikwenda amejiandaa kujibu kuhusu jinsia, akakuta kukhu anauliza kuhusu mtu aliyekufa. Angeanza na hotuba aliyoiandaa, angejibu swali ambalo halikuulizwa na kuliwasha.

Maridhiano ya karatasi na mdomo yamelaumiwa na baadhi ya wenzangu. Wanasema ukikubali jina la zamani mahali pamoja umelikubali kila mahali. Sioni hivyo. Watu wetu wamekuwa na jina la shule, la nyumbani na la utani miaka yote, na hakuna aliyechanganyikiwa. Tofauti ni nani anaamua lipi litumike wapi, na hapa aliyeamua ni mwenye jina. Kama angekuwa anaumia kila kukhu akimwita, ningewaunga mkono wenzangu.

Yaliyokwama karibu yote ni ya mfuatano na ya makarani, na chanzo chao ni kimoja. Watu husherehekea hati na kuiona mwisho, kumbe hati inafungua kipindi ambacho mtu mmoja ana majina mawili katika mifumo tofauti, na kipindi hicho ndicho cha hatari. Benki kabla ya simu, na akiba ya fedha taslimu ya mwezi mmoja mkononi kabla ya kugusa vyote viwili. Tangazo lisomwe na mteja mwenyewe, neno kwa neno, kabla halijaondoka kwa wakili. Kusoma hati peke yake hakutoshi. Vyama, makanisa, vikundi vya mazishi na mikopo ya simu viandikwe kwenye orodha ileile na benki, kwa sababu huko ndiko mtu anakojulikana kwa jina kuliko kwa namba.

Kuna jambo moja ambalo jina halikulitatua na halikuweza kulitatua. Sensa ya 2019 ilihesabu kwa mara ya kwanza watu wenye jinsia mbili, 1,524 waliojitaja, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto wa namna hiyo. Hiyo ni njia inayohusu maumbile ya mwili. Kwa mtu kama Tumaini, ambaye suala lake si la maumbile, kitambulisho hakina nafasi ya tatu ya kujaza. Jina lilipunguza maswali ya askari. Alama bado ipo pale, na siku za uchaguzi au hospitalini, ambako foleni wakati mwingine hupangwa kwa jinsia, husomwa kabla ya jina.

Yaliyobaki

Pasipoti bado ina jina la zamani. Aliamua kuitumia hadi muda wake uishe, akisafiri na hati mkobani, lakini safari ya kwanza ya Goma baada ya kupata kitambulisho kipya ilimweka mpakani muda mrefu, kwa kuwa barua ya kampuni ilimtaja kwa jina moja na pasipoti kwa jingine. Sasa ameomba mpya bila kusubiri.

Cheti cha kidato cha nne kiko kwenye bahasha pamoja na nakala ya gazeti. Wakili ameweka faili wazi.

Kwenye dawati letu tumeongeza maswali mawili katika fomu ya kwanza: jina hili litatamkwa nchi zipi, na nani wanakutumia pesa kila mwezi.